Kitasa

Miaka kumi na mitatu nilikuwa kitasa:
waliobisha hodi langoni kwetu
waliondoka wakichechemea.

Leo Uyole, ukungu haujanyanyuka.
Koni sina, nimepanga viazi kwenye nyasi.
Gwamaka ananiuliza:
"Kocha, uliwahi kufunga?"

Kufunga! Nimefunga maisha yangu yote.
Lakini goli? Mara moja. Iringa, dakika ya themanini na nane,
mpira ukanigonga goti
ukaingia.
Kwetu.

Wanacheka mpaka mbwa wa mashineni wanabweka.
Nacheka nami; goti hilohilo
hujua baridi kabla ya redio.

"Haya. Miguu hudanganya. Tazama kiuno."
Nauchukua mpira, natikisa miguu.
Gwamaka hatikisiki.
Ananipora kimyakimya,
kama mtu afungaye mlango usiku
mtoto asiamke.