Saa Nane na Nusu

Jumanne niliingia saa moja, nikatoka kumi na moja.
Kumi kamili, Siwema, andika hapo
nyuma ya boksi la biskuti.
Toa saa nzima ya chakula.
Toa chai, robo mbili.
Zinabaki nane na nusu.

Lakini mchana ule mkanda ulikwama,
Mkude akaniita, ugali ungali shavuni.
Dakika ishirini nimeshika spana,
dagaa wangu wanapoa,
nzi wanakula kwa niaba yangu.
Hizo tunaziweka wapi?

Siwema akalamba ncha ya penseli,
akatazama getini. Lori lilikuwa linapiga honi,
Chang'ombe yote vumbi.
"Kwenye karatasi," akasema, "ulikuwa unakula."

Basi andika nimeshiba.