Fomu ya Mguu

Bi. Kerubo wa dirisha la nne amenizoea.
Haniiti afande, wala haniiti Musembi.
Huniita kwa nambari ya faili, nami huitika upesi;
jeshi lilinifunza kuitikia nambari.

"Mguu upi?" Kalamu inaning'inia juu ya fomu.
Napandisha suruali, namwonyesha plastiki.
"Wa kulia au wa kushoto?"
Wa kushoto, Bi. Kerubo. Kama mwaka jana.
Kama mwaka juzi, ulipovaa ile sweta ya zambarau.

Kila Julai, mwaka wa fedha ukifunguliwa,
natoka Kahawa West alfajiri
kuja mjini kuapa kwamba haujaota.
Mhogo hukatwa, ukachipuka.
Mjusi huacha mkia mlangoni, akaota mwingine.
Serikali inayajua haya, haitaki kuchezewa shere.

Bodi ilikuwa ya madaktari watatu, mmoja akitafuna njugu.
Wakanipima kwa utepe
kama fundi wa Gikomba anayepunguza suruali ya mtumba.
Chini ya goti: asilimia arobaini.
"Ungekatwa juu ya goti," akasema yule wa njugu,
kwa huruma ya kweli, nakiri,
"ungepata hamsini na tano."
Nikamwomba radhi.
Naapa, nilimwomba radhi kwa kukatwa kidogo.

Usingizi hauna asilimia.
Nduku akiangusha sufuria jikoni,
mimi niko chini ya meza kabla kifuniko hakijaacha kuzunguka.
Na Mwende, ambaye ana miaka sita,
huja kuniwekea mkongojo karibu, haulizi kitu,
kama mtoto wa mtu mwingine anavyomletea baba kandambili.
Niliwahi kuyaandika haya pembeni mwa fomu.
Yakapigwa mstari. Pembeni hapaandikwi.

Leo nyuma yangu yuko Koplo Lemarti,
macho yake yote mawili yalibaki mpakani.
"Soma kwanza, halafu utie sahihi," akaambiwa.
Akacheka mpaka foleni nzima ikacheka,
halafu foleni ikanyamaza, yeye bado anacheka.
Nikamsomea kurasa sita.
Akatia sahihi nzuri, ndefu, yenye mkia,
nusu yake kwenye karatasi, nusu kwenye kaunta.

Mwaka huu kuna kifungu kipya, cha kumi na moja:
*Eleza mahali kiungo kilipo kwa sasa.*

Nilisimama pale na kalamu ya kufungwa uzi.
Miaka tisa, sijawahi kujiuliza.
Nilizinduka hospitalini, shuka limelala tambarare upande mmoja,
na muuguzi akinisifu kwamba nimeamka.
Hakuna aliyesema waliuzika, au waliuchoma,
au uliachwa palepale njiani
na buti lake, kamba zimefungwa kwa mafundo mawili
jinsi marehemu mama alivyonifunza.
Lakini mvua ikinyesha usiku huniwasha kidole gumba,
kidole kisichokuwepo, hadi nikakuna godoro.
Basi lazima uko mahali.
Lazima umelowa.
Sisi wengine tulirudishwa kwa ndege; wenyewe
haukupewa amri ya kuondoka,
hakuna aliyekwenda kuupokea zamu.

Nikaandika: *Lindoni.*

Bi. Kerubo akasoma. Akavua miwani, akaivaa tena.
"Hapa wanataka jina la kaunti," akasema.
Sikujibu. Hakulikata.

Mwaka wa kwanza aligonga muhuri, pa!
nikajikuta sakafuni, fomu kifuani,
watu wakinitazama kama mlevi wa asubuhi.
Hatukulizungumzia kamwe.
Leo alisogeza chai yake kando,
akauweka muhuri juu ya karatasi bila sauti,
akaulalia kwa viganja viwili, polepole,
kama mtu anayemfunika mtoto aliyekwisha sinzia.

"Julai," akasema.
Julai, Bi. Kerubo.
Nikashuka ngazi, moja baada ya moja,
Lemarti ameshika bega langu,
mimi nikimhesabia.