Ndoo Mbili

Baba yangu, Chinduli, alitengeneza sinema nne.
Ya kwanza haikufika dakika:
mama anamwaga ndoo ya maji chini.
Basi.

Wewe usiyekulia Newala hutaelewa.
Maji yale yalipanda mlima kichwani mwake,
kutoka bondeni, tangu jogoo la kwanza,
na alipokwisha kuyamwaga
baba akagundua hajafungua kifuniko cha lenzi.

Mama akashuka tena.

Usiku bafta ikapigwa misumari ukutani mwa ghala la korosho.
Ndoo ilipoinama watu walipiga yowe.
Bi Nantepa alikimbia na sufuria ayakinge,
akajigonga ukutani.

Ya pili iliungua.
Ya tatu ilikuwa ya treni ya Nachingwea,
ambayo siku ile haikuja:
reli, jua, mtu na kuku wake wanangoja.
Ya nne ilikwenda na deni la betri.

Wageni huniuliza kama zilikuwa na sauti.
Hazikuwa nayo. Hata nyumbani haikuwapo
mpaka mwezi wa Ramadhani ulipoandama.
Tangu hapo, kila baba aliposhika kamera,
mama aliita kutoka jikoni, hageuki:
“Kifuniko!”