Mfuko wa Varlam

Mwaga vyote mezani, Varlam,
hata vile unavyovionea haya.
Theluji imeifunga barabara ya Kutaisi, foleni imeisha,
na hiki chumba, zamani stoo ya mifagio,
kina viti viwili na mlango unaofungika.

Cheti kinasema: kidonge kimoja, saa mbili usiku.
Majibu ya maabara yanasema
damu yako imesahau kuganda.
Ndiyo maana mswaki unatoka mwekundu,
ndiyo maana mkono, ulipogusa tu kitasa cha lango,
ukaiva zambarau kama zabibu za Oktoba.

Tuanze na sahani. Spinachi ya kupondwa na jozi, unakula?
Kula. Sikunyimi. Ila usimalize bakuli zima Jumapili
kisha ushinde wiki na mkate mkavu:
dawa hii haipendi kushtukizwa.
Divai? Unainua vidole viwili.
Naviangalia.
Unaongeza cha tatu.

Sasa viboksi. Hiki cha buluu, na hiki cheupe
chenye pembe zilizolainika kwa kushikwashikwa.
Majina mawili, Varlam, dawa ni ile ile,
kama mtu mwenye jina la nyumbani na jina la shule.
Unameza vyote?

Bomba la joto linagonga ukutani.

Ndipo ninaposoma kibandiko: Tsiala.

"Alikufa vikiwa vimebaki sitini na kitu," unasema.
"Saa mbili tulikuwa tunameza pamoja, glasi moja ya maji.
Nikaona nimmalizie."

Miaka kumi na moja nimekalia kiti hiki.
Najua kumwambia mtu asitafune, asiruke siku,
asifidie leo kilichosahauliwa jana.
Hili halimo kwenye kitabu changu.
Neno "hatari" limenijaa mdomoni, nalimeza,
nauliza glasi ilikuwaje.
Ya kijani, unasema, imemeguka ukingo upande wake.

Basi glasi ibaki. Saa mbili ibaki.
Vidonge vyake nipe mimi.

Leo usimeze hata kimoja, daktari nimeshampigia.
Kesho kutwa urudi tupime.
Na damu ya pua isipokoma, choo kikiwa cheusi kama lami,
au ukianguka ukagonga kichwa, hata kama hakiumi,
usingoje kupambazuke.

Haya, nisimulie ulichosikia.
Si kwamba sikuamini,
nataka kujua kama nimesema vizuri.

Unakohoa. "Leo hapana. Kesho kutwa sindano.
Wakiniruhusu, saa mbili, kimoja..."
unakitazama kiboksi cheupe mkononi mwangu,
"kimoja tu."

Umeshavaa kofia unaporudi kutoka mlangoni
kuniomba kile kiboksi. Kitupu, unasema.
Natoa vidonge, nakurudishia.
Unakitikisa sikioni, mara moja,
kisha unakitia mfuko wa ndani wa koti.