Visiwa Vitano, Watoto Nusu Bei

Kazi yangu ni kuuza visiwa.
Naviuza kutoka ghorofa ya tatu, Mtaa wa Mfangano,
mtaa wenye jina la kisiwa, katikati ya Nairobi,
usio na hata dimbwi la maana.
Naviuza kwa simu, sauti nimeipaka asali:
"Siku nne, visiwa vitano, mashua yenye kivuli,
chakula cha mchana mchangani. Watoto nusu bei."
Mteja huuliza, "Na wewe umefika?"
Nami hucheka kidogo: "Huko? Huko ni kama nyumbani."

Sijawahi kupanda mashua.
Maji yangu makubwa yalikuwa ya mtungi, lita ishirini.

Usiku wa Jumanne, mwezi wa nne,
Mto Ngong ulikuja kwetu Mukuru bila kubisha.
Uliingia jikoni kwanza, kama mgeni mwenye njaa,
ukainua sufuria moja moja, ukaondoka nazo.
Ukalinyanyua godoro nami nikiwa juu yake.
Alfajiri ilinikuta kwenye bati,
mimi, redio ya jirani na kuku watatu wa Kavinya,
na hapo ndipo nilipoviona.

Paa la kanisa, msalaba wake wa bomba.
Ghorofa isiyokwisha, vyuma vimesimama kama matete.
Tangi la shule, na mvulana ameketi juu yake kama kofia.
Kati yao, maji ya rangi ya chai iliyoungua.

Akaja Odindo, fundi wa vyuma.
Alikuwa amelipasua tangi la lita elfu mbili kwa msumeno,
nusu yake ndiyo chombo.
Kasia ni ubao: NYUMBA YA KUPANGISHA.
Akanitazama. "Wewe si ndiye wa utalii?
Panda basi. Uniambie tuanzie wapi."

Nikasema, sijui ni nani aliyesema kwa kinywa changu:
wazee kwanza, kisha wenye watoto, mizigo ibaki.

Kanisani, watu kumi na mmoja na cherehani.
Mwenye cherehani alikataa kuiacha.
Tukabishana. Maji yakapanda kidole kimoja.
Tukaichukua.

Kwenye ghorofa kulikuwa na chai. Naapa, chai.
Mtu amewasha jiko orofa ya nne, anauza shilingi ishirini,
kisha akatutazama tulivyolowa
akaona haya, akagawa bure.

Mvulana wa tangi hakutaka kushuka.
Aliuliza kama chombo chetu ni ndugu ya tangi lake.
"Ni pacha," Odindo akasema. "Shuka umsalimie."

Kisiwa cha nne.
Tulifika, hapakuwa na mtu.
Viatu tu, jozi mbili, kubwa na ndogo,
vimepangwa vizuri ukingoni mwa bati
kama mlangoni pa nyumba iliyopigwa deki.
Odindo akaacha kupiga kasia. Tukasukumwa na maji tu.

Simu ikalia kifuani, ndani ya karatasi ya mkate.
Mteja wa Kileleshwa, mpole, hana haraka:
"Vile visiwa ulivyonitajia, dada,
kuna kimoja kisicho na watu kabisa?"

Nikasema mtandao ni mbaya.
Mtandao ulikuwa mzuri sana.

Cha tano hatukukifikia. Giza lilitutangulia.

Maji yalirudi mtoni baada ya siku sita,
yakatuachia matope na samaki mmoja uani, mdogo, asiye na jina.
Nikarudi Mtaa wa Mfangano na viatu vya kuazima.
Simu ya kwanza, mama mmoja, watoto watatu, anataka Agosti.
"Na wewe umefika?"

Nimefika.

"Mashua yenyewe ikoje?"

Nikaangalia kiganja, pale ubao uliponichuna.
Nyeusi, nikasema.
Huvuja kidogo, upande wa kushoto.