Maganda ya Jumatano

Soko la Mugusu likivunjika jioni ya Jumatano,
wachuuzi wakishakunja turubai na kuhesabu noti zao,
ndipo kazi yangu huanza.
Nina magunia manane na baiskeli isiyo na kengele.
Maganda ya matoke, kabichi zilizolala,
mapapai yaliyopasuka kwa kukosa mnunuzi,
vyote nazoa. Watoto huniita Bwana Taka.
Nawaitikia.

Mama hakutaka.
"Businge," aliniita siku ile,
jina kavu, bila Araali,
bila lile jina dogo la upendo alilonipa nikiwa kwenye kanga,
nikajua nimemkosea.
"Businge, mavi ya ng'ombe ndiyo yaivishe uji wa wajukuu wangu?"

Nikachimba.
Siku kumi na moja: udongo mweusi, kisha mwekundu,
kisha kokoto nyepesi za mlima uliotapika kabla ya mababu.
Fundi Kyomuhendo akashuka shimoni na mwiko wake,
akajenga kuba la matofali, akalisiriba saruji
kwa viganja, taratibu, kama anayempaka mtoto mafuta.
"Hili ni tumbo," akasema. "Msilitilie sabuni.
Msilishindishe njaa, wala msilivimbishe."
Akapokea nusu ya ujira. Nusu ilikuwa bado kahawa mtini.

Tukalilisha.
Ndoo ya samadi, ndoo ya maji,
maganda niliyoyakatakata kwa panga hadi kiganja kikachubuka.
Wiki ya kwanza, kimya.
Wiki ya pili likaanza kucheua,
povu moja, jingine, usiku, kama ng'ombe aliyelala.
Abwooli, jirani, akaja ameziba pua kwa leso:
angenishtaki kwa mwenyekiti, alisema, kwa uvundo huu.
Sikumwambia kwamba nusu ya uvundo
ilitoka kwa ng'ombe wake.

Tuliwasha adhuhuri.
Jua lilikuwa kali, hakuna aliyeona moto.
Dada yangu akacheka, kisha akaacha.
Nikafikiria ile kahawa mtini.
Mama akanyoosha mkono juu ya jiko,
akaurudisha upesi.
"Upo," akasema.
Usiku ndipo tulipouona sote:
wa buluu, mfupi,
kama ulimi wa ndama anayeonja chumvi.

Nani alijua kwamba moshi ulikuwa askari?
Mwezi wa nne, paa la nyasi la jiko likaanza kuliwa.
Kila asubuhi, vumbi la boriti juu ya sufuria.
"Umeniondolea kikohozi," Mama akasema,
"ukaniletea mchwa."
Basi kila Jumamosi huwasha mafiga yake matatu,
mzigo mmoja tu wa kuni,
akakaa nje mlangoni, macho makavu, miguu ameinyoosha.
Hapiki kitu.
Analipa paa deni lake.

Na upande wa pili wa tumbo, kwenye tundu la chini,
hutoka tope jepesi lisilonuka hata kidogo.
Tunalimwaga migombani.
Ule mgomba wa kaburini kwa Baba,
uliokuwa ukizaa vidole vya mtoto,
mwaka huu umebeba mkungu
tukaupa mkongojo.

Alfajiri moja nikamkuta Abwooli penye tundu,
jerikani mbili mkononi.
Hakunisalimu.
"Ni ya kahawa," alisema, akiziambia jerikani.
Nikamjazia.
Tangu hapo naamka nakuta toroli la samadi
limeegeshwa kwenye ua,
halina neno, halina mtu.

Leo ni Jumatano. Nimerudi na magunia saba,
moja limepasukia njiani, kuku wa watu wamelifaidi.
Giza limeshaingia.
Jikoni kisu kinamenya ndizi za usiku,
na nasikia maganda yakidondoka ndani ya ndoo,
si sakafuni kama zamani.
"Araali," Mama anaita,
"limekula?"