Tairi la Tano

Obbo ameyalaza mawili juu ya gunia,
Tororo, saa nne, bati limeanza kulia kwa jua.
"Jina moja. Namba zilezile. Sasa pitisha kidole hapa."
Kinyota, kidogo kama chawa,
karibu na ukingo.

"Hili lilizaliwa na gari.
Waunda gari walimwagiza muunda mpira:
tupe kimya, tupe wepesi, lisinywe mafuta ovyo.
Nagongera hawakuitaja."

La dukani halina kinyota.
Kashata zake zinameza ukucha mzima.
"Litakunung'unikia," asema, "lakini litadumu."

Nikahesabu noti mara mbili.
Nikanunua manne yanayonuna.

Sasa gari langu linaguna kama shemeji aliyenyimwa kiti,
na kokoto za Nagongera zimeliheshimu.
Yale vipara Obbo ameyakata lugabire;
yanakwenda sokoni kwa miguu.

Ila ndani ya buti, chini ya zulia,
limebaki la tano, la kiwandani, na kinyota chake,
vinyweleo vya mpira bado vimesimama.
Kimya kabisa.
Halijawahi kugusa Uganda.